Kabla ya kulaumu joto: kutafuta kinachopunguza wanyamapori

Idadi ya wanyama ikishuka mahali ambapo joto limepanda, wengi huishia hapo: joto limepanda, wanyama wamepungua, kesi imekwisha. Mara nyingi tabianchi kweli inahusika. Lakini haimuui mnyama moja kwa moja. Humfikia kupitia kitu fulani: njaa, ugonjwa, kiota kilichofurika, vifaranga walioanguliwa wakati viwavi wameshakwisha, saa za kuwinda zilizoliwa na jua. Mchunguzi asiyeweza kukitaja kitu hicho hajapata jibu, hata akiwa na grafu nzuri kiasi gani. Tena hawezi kumsaidia mnyama, maana anayekufa kwa njaa hahitaji msaada uleule na anayekufa kwa maradhi.

Chura wa dhahabu wa msitu wa Monteverde, Costa Rica, anaonyesha ugumu wa kazi hii. Mwaka 1987 zaidi ya 1,500 walionekana wakikusanyika kwenye vidimbwi kuzaliana. Mwaka uliofuata walionekana wachache mno, na wa mwisho, dume mmoja, alionekana Mei 1989. Miaka kumi baadaye J. Alan Pounds na wenzake walichapisha ushahidi kwamba siku zisizo na ukungu zilikuwa zikiongezeka msituni humo, kwa vile mawingu yalikuwa yakijiundia juu zaidi mlimani. Chura huyo akawa mfano maarufu wa mnyama aliyeangamizwa na ongezeko la joto. Kisha ikajulikana kwamba kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, alikuwa akiwamaliza katika sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2010 Kevin Anchukaitis na Michael Evans walisoma historia ya unyevu iliyohifadhiwa ndani ya mbao za miti ya msitu ule, wakakuta kwamba ukavu wa 1986 na 1987 ulitokana na El Niño, ongezeko la joto la bahari ya Pasifiki linalojirudia kila baada ya miaka michache. Haukuwa sehemu ya mwelekeo wa kukauka wa karne nzima. Hali ya hewa ilikuwemo kwenye kisa, kuvu alikuwemo, ila hadithi ya kwanza ilikuwa fupi kuliko ukweli.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na yasichanganywe. La kwanza: je, hali ya hewa ndiyo iliyowapunguza wanyama hawa, na kwa njia gani? La pili: je, hali hiyo ya hewa ni sehemu ya mabadiliko ya tabianchi, au ni mwaka mbaya kama miaka mibaya mingine iliyopita? Unaweza kulijibu la kwanza vizuri kabisa ukaanguka kwenye la pili.

Kwanza hakikisha wamepungua

Unachokihesabu porini ni wanyama walioonekana, na kuonekana hutegemea hali ya hewa ileile unayoishuku. Chukua eneo lenye swala 1,000. Mwaka wa nyasi fupi unaona 6 kati ya kila 10, unaandika 600. Mwaka wa mvua nyingi nyasi zimefika kifuani, unaona 4 kati ya 10, unaandika 400. Kwenye daftari theluthi moja imepotea, na hakuna swala hata mmoja aliyekufa. Ukame hukudanganya kwa upande wa pili: wanyama hujazana kwenye visima vichache vilivyobaki, na anayehesabia karibu na maji anaripoti ongezeko katikati ya maafa.

Dawa yake ni kupima uwezekano wa kuonekana katika kila sensa, kila mwaka, badala ya kudhani haubadiliki. Njia iliyozoeleka ni kutembea kwenye mistari iliyonyooka iliyopangwa kwa bahati nasibu. Kila ukiona mnyama au kundi, pima umbali kwa kipimo cha leza na pembe kwa dira. Kundi lililo mita 100 kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mstari liko mita 50 kando ya mstari huo. Wanavyozidi kuwa mbali ndivyo wanavyozidi kukuponyoka, na ukichora idadi uliyoona kwa kila umbali, mteremko wa mkunjo wake ndio unaokuambia wangapi hukuwaona. Unahitaji angalau mara 60 hadi 80 za kuona kundi ili mkunjo uaminike. Makosa yanayoharibu kazi ni yaleyale kila mahali. Mtu anapima mpaka pale mnyama alipokimbilia, wakati anatakiwa kupima pale alipomwona kwanza. Mwingine anakadiria kwa macho, na umbali wote unaangukia 50, 100 na 150. Wengine hufuata barabara kwa sababu gari linapita, wakati wanyama wameshajifunza kuikwepa barabara hiyo au wanavutwa na majani mabichi ya kandokando yake.

Kwa wanyama wanaoweza kukamatwa, kama panya, ndege au vyura, kuna hesabu ya alama. Tia alama wanyama 60, waachie, rudi baadaye ukamate 80, kati yao 12 wawe na alama. Hesabu rahisi inatoa 60 × 80 ÷ 12, yaani 400. Ile iliyorekebishwa kwa sampuli ndogo inatoa kama 379. Lakini hesabu hii inadhani kwamba katikati ya safari hizo mbili hakuna aliyehama. Wimbi la joto likiwasogeza wanyama kilomita 5 kupanda mlima, utasajili upungufu ambao kwa kweli ni uhamisho. Ndiyo maana mitego michache ya kamera nje ya mpaka wa eneo lako, upande wa juu na upande wenye maji, ina faida kubwa kuliko kuijaza mingine katikati.

Na muda ni lazima. Idadi inayopungua kwa asilimia 3 kwa mwaka hupoteza takriban robo yake ndani ya miaka 10, na zaidi ya nusu ndani ya miaka 25. Ikiwa kila sensa ina kosa la asilimia 20 juu au chini, miaka mitatu au minne ya kuhesabu haikuonyeshi chochote. Hapo ndipo madaftari ya zamani yanapogeuka hazina. Kelly Iknayan na Steven Beissinger walirudi kwenye maeneo 61 ya jangwa la Mojave, Marekani, ambayo Joseph Grinnell na wenzake waliyapima mapema katika karne ya 20, wakakuta kila eneo limepoteza kwa wastani asilimia 43 ya aina za ndege wake. Waliweza kusema hivyo kwa kuwa kina Grinnell waliandika kila siku wameona nini, hivyo uwezekano wa kuonekana wa enzi hizo ungeweza kukadiriwa. Utafiti wa baadaye katika jangwa hilohilo ulikuta mamalia wadogo hawajapungua hivyo. Hao hushinda kwenye mashimo na kutoka usiku, wakati ndege hulazimika kupoteza maji mwilini ili wapoe. Joto lilikuwa moja kwa wote, na tofauti ya nani alipungua ndiyo inayoonyesha njia.

Ni umri gani unaokatika?

Ukishajua kwamba wamepungua kweli, usikimbilie takwimu za mvua. Ligawe kundi kwa umri na uulize wapi limekatika: mayai, watoto, vijana au wakubwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naona ndiyo inayotoa nuru kubwa kuliko zote.

Kwa mnyama anayeishi muda mrefu, kama tembo au ndege wakubwa wa baharini, kila kitu kinasimama juu ya uhai wa majike wakubwa. Ikiwa 95 kati ya 100 huvuka mwaka, kisha wakawa 90, utaona ni pointi tano tu. Ukitazama vifo, vimeongezeka maradufu, kutoka 5 hadi 10, na wastani wa miaka ambayo jike mkubwa bado anayo umeshuka kutoka takriban 20 hadi 10. Muda wake wa kuzaa umekatwa nusu. Kwa panya ni kinyume: wakubwa hufa haraka hata katika mwaka mzuri, na msimu mmoja usio na watoto unatosha kulimaliza kundi.

Mbwa mwitu wa Afrika ni mfano ninaoupenda kwa sababu mnyororo wake unaonekana wote. Huwinda asubuhi na jioni, kukiwa baridi. Rosie Woodroffe na wenzake, wakitumia kumbukumbu za Kenya, Botswana na Zimbabwe, walionyesha mwaka 2017 kwamba siku za joto kali mbwa hao hupunguza shughuli zao, na kwamba joto likiwa juu wakati watoto wako pangoni, wanaobaki hai ni wachache. Ukitafuta vifo vya wakubwa katika utafiti wa namna hiyo utapoteza miaka, kwa kuwa kinachokatika kiko pangoni, na katika majuma fulani tu ya mwaka.

Majuma hayo ndiyo yanayokuambia upime hali gani ya hewa. Wastani wa joto la mwaka ni kipimo kisicho na kazi hapa. Mnyama hafi kwa wastani. Hufa kwa alasiri tatu mfululizo, au kwa mvua iliyochelewa wakati mimba imeshakomaa.

Hali ya hewa aliyoiishi mnyama

Takwimu zipo, na nyingi ni bure. Mkusanyiko wa takwimu uitwao CHIRPS unatoa makadirio ya mvua tangu 1981 kwa vipande vya kilomita 5 hivi. Mwingine, ERA5 wa kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, unatoa joto, unyevu na upepo kwa kila saa tangu 1940, kwa vipande vya kama kilomita 31. Shida ni ukubwa wa vipande hivyo. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kipande kimoja cha ERA5 chenye mlima wa mita 1,500 kinaficha tofauti ya karibu nyuzi 10. Mnyama wako anaishi sehemu mojawapo ya mlima huo, si kwenye wastani wake.

Weka vipimo vyako mwenyewe. Vidogo vya kujirekodi, kila dakika 30, kwenye kimo cha mnyama: ardhini kwa mjusi, kwenye tawi kwa ndege, ndani ya shimo kwa panya. Vyote viwe na kivuli cha plastiki nyeupe chenye matundu, kwa sababu kipimo kilichoachwa juani husoma joto lake chenyewe na kukuzidishia nyuzi kadhaa. Ubaguzi ni pale unapotaka kujua mwili wa mnyama ungefika joto gani. Watafiti wa mijusi huchukua kipande cha bomba chenye ukubwa wa mjusi, hukipaka rangi inayoakisi jua kama ngozi yake, hutia kipima joto ndani na kukiacha pale mijusi wanapoota jua. Saa ambazo bomba limevuka joto analolivumilia ni saa ambazo mjusi halisi yuko mafichoni bila kula. Barry Sinervo na wenzake walitumia wazo hilo kueleza kwa nini asilimia 12 ya makundi waliyoyakagua katika maeneo 200 ya Meksiko yalikuwa yametoweka tangu 1975. Saa za kujificha ziliangukia majira ya kuchipua, wakati majike yanahitaji chakula cha kutosha kwa ajili ya kuzaa.

Sasa mtego wa takwimu, ambao umewaangusha watu wenye shahada kubwa. Ukijaribu vipindi 24 vya mwaka kwa vipimo 5 vya hali ya hewa, umefanya majaribio 120. Kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, majaribio 6 yatakuonyesha uhusiano hata kama haupo kabisa. Kwa hiyo andika kabla ya kufungua takwimu ni kipindi gani unakishuku, kutokana na umri uliokwisha kuugundua. Kama ni lazima utafute, changanya miaka ovyo mara elfu moja na uone mara ngapi uhusiano wenye nguvu kama wako unajitokeza wenyewe.

Pia safu mbili za takwimu zinazoelekea upande mmoja kwa miaka 30 zitafanana daima. Ondoa mwelekeo wa muda mrefu kwenye zote mbili, kisha uulize kama mwaka wenye joto kuliko jirani zake ndio mwaka ambao watoto walikufa kuliko jirani zake. Uhusiano ukibaki baada ya hapo, una kitu mkononi. Usisahau msongamano: ukame uleule huua wengi zaidi kundi likiwa limejaa kuliko likiwa dogo, na asiyeweka idadi ya mwaka uliotangulia kwenye hesabu yake hulaumu mvua kwa kosa la msongamano.

Washukiwa wengine na mizoga

Ujangili, uzio mpya, mifugo iliyoongezeka, maji yaliyogeuzwa kwenda mashambani, magonjwa: kila mmoja wa hawa anaweza kuacha alama inayofanana na ya ukame. Njia bora ya kuwatenganisha ni kutafuta maeneo ambako hali ya hewa imebadilika kwa viwango tofauti huku mengine yakifanana. Christiaan Both na wenzake walifanya hivyo Uholanzi kwa ndege mdogo, Ficedula hypoleuca, anayekaa msimu wa baridi Afrika Magharibi na kurudi Ulaya kuzaliana. Viwavi anaowalisha vifaranga wake sasa hufikia kilele mapema zaidi, lakini yeye huanza safari akiwa maelfu ya kilomita mbali, ambako hawezi kujua kwamba huko majani yameshachipua. Katika makundi tisa waliyoyafuatilia, pale kilele cha viwavi kilipokuwa cha mapema kabisa ndege walipungua kwa kama asilimia 90, na pale kilipokuwa cha kuchelewa kwa kama asilimia 10. Ndege ni haohao na safari ni ileile.

Wakati mwingine chanzo kiko bara moja na kifo bara jingine. Chamchanga wa aina ya Calidris canutus huanguliwa Aktiki. Theluji huyeyuka mapema, wadudu hupita kabla ya vifaranga kuwahitaji, nao hukua wadogo wenye midomo mifupi. Wakifika Banc d'Arguin, Mauritania, midomo hiyo haiwafikii kome waliojificha ndani zaidi ya matope, na wenye midomo mifupi hufa zaidi. Jan van Gils na wenzake walieleza hili mwaka 2016. Aliyechunguza Mauritania peke yake angeona fukwe ambazo hazijabadilika na ndege wanaokufa.

Mzoga ni shahidi, ila una taratibu zake. Ukikuta damu isiyoganda ikitoka puani au mkunduni, au mwili ambao haujakakamaa kama inavyotarajiwa, usiupasue: inaweza kuwa kimeta, na kisu chako kitasambaza viini ardhini kwa miaka mingi. Mwite daktari wa mifugo. Kama hatari hiyo imeondolewa, vunja mfupa wa paja utazame uboho. Wa mnyama aliyeshiba ni mweupe, mgumu, wenye mafuta kama nta. Wa aliyekufa kwa njaa ya muda mrefu ni mwekundu au wa manjano unaopitisha mwanga, laini na wenye majimaji, kwa sababu mafuta ya uboho ndiyo akiba ya mwisho mwili kuigusa. Kwa mnyama mdogo usihukumu hivyo, uboho wake ni mwekundu hata akiwa mzima. Vipande vya viungo kwa ajili ya maabara viwe vyembamba, visizidi sentimita moja, katika formalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya nyama. Kipande kinene huoza katikati kabla dawa haijafika, na maabara itakuandikia kwamba haiwezi kusema lolote.

Uchunguzi wa namna hiyo ndio uliotegua kisa cha swala saiga. Mei 2015, wakati wa kuzaa, zaidi ya saiga 200,000 walikufa Kazakhstan katika muda wa majuma matatu hivi, na katika makundi yaliyoguswa hakupona hata mmoja. Haikuwa njaa. Viungo vilisema Pasteurella multocida, bakteria anayeishi kwenye koo za saiga wazima bila kuwadhuru. Richard Kock na wenzake walilinganisha hali ya hewa ya siku 10 za kabla na ile ya vifo vya 1981 na 1988, wakakuta unyevu na joto visivyo vya kawaida. Hali ya hewa ilikuwa kichocheo, bakteria ndiye aliyeua.

Idadi ya mizoga, hata hivyo, isitumiwe kama idadi ya waliokufa. Kati ya Februari na Oktoba 2022 Kenya ilirekodi vifo vya tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381 kutokana na ukame, lakini fisi, tai na vichaka huficha mengi, kwa hiyo hizo ni namba za chini. Baharini pengo ni kubwa zaidi. Joto la bahari la 2014 hadi 2016 katika Pasifiki ya kaskazini lilivuruga samaki wadogo, na mizoga kama 62,000 ya Uria aalge, ndege wa baharini anayekula samaki hao, ikaokotwa ufukweni. Mwaka 2024 Heather Renner na wenzake walilinganisha hesabu za makoloni 13 ya Alaska kabla na baada, wakakadiria waliokufa kuwa kama milioni 4, karibu nusu ya ndege hao wote wa Alaska.

Kutoa kiasi

Ripoti nzuri haisemi "tabianchi imechangia". Inasema imechangia kiasi gani. Tengeneza modeli ya kundi lako kwa viwango vya uzazi na vifo ulivyopima, kila kimoja kikifungwa na kipindi chake cha hali ya hewa. Iendeshe kwa hali ya hewa iliyotokea kweli. Iendeshe tena ukibadilisha kitu kimoja tu, yaani hali ya hewa ya wastani wa miaka 30 ya zamani, kwa mfano 1961 hadi 1990. Kisha mara ya tatu, hali ya hewa halisi lakini bila ongezeko la mifugo au ujangili. Tofauti kati ya matokeo hayo matatu ndiyo sehemu ya kila mshukiwa. Sehemu hizo zikijumlishwa huweza kuzidi asilimia 100, kwa sababu ukame kwenye malisho yaliyokwisha kuliwa huua kuliko ukame peke yake. Liandike hilo wazi, kwani ndilo linalomwambia msimamizi wa hifadhi kwamba akipunguza mifugo atakuwa amepunguza pia makali ya ukame asiouweza.

Na usifunge daftari tukio likipita. Saiga jike huzaa akiwa na mwaka mmoja, mara nyingi mapacha. Kufikia 2023 Kazakhstan ilihesabu zaidi ya milioni 1.9, na saiga akatolewa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Uria aalge hutaga yai moja kwa mwaka, na hungoja miaka kadhaa kabla ya kuanza. Katika makoloni yale ya Alaska, miaka baada ya bahari kupoa, hesabu hazikuonyesha dalili ya kurudi. Tofauti hiyo isingejulikana kama watu wasingeendelea kwenda kwenye miamba ileile, siku zilezile za msimu, na kuhesabu kutoka sehemu ileile waliyosimama kabla ya joto kuja.